Data yako haina umbo la kengele? Usiilazimishe

Leo tunaingia kwenye hesabu. Msikimbie jamani, nitakwenda polepole. Kuna swali ambalo vijana wanaomaliza chuo hunitumia kila msimu wa tasnifu unapofika. Wamekusanya data kwa jasho lao, wameichora kwenye kompyuta, na picha inayotoka haifanani kabisa na ile kengele waliyochorewa ubaoni darasani. Wanauliza wafanyeje. Na ushauri wanaopewa huwa ni mmoja kati ya miwili: ama wageuze namba zote kwa logi, ama watoe zile namba "zinazoharibu" picha, hasa masifuri. Kwa maoni yangu ushauri wa kwanza mara nyingi haufai, na huo wa pili una historia ya msiba. Sitanii. Nianze na huo msiba, halafu turudi kwenye hesabu yenyewe.

Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol, waliokuwa jimbo la Utah huko Marekani, walikuwa kwenye mkutano wa simu na wakubwa wa NASA waliokuwa Alabama na Florida. Kesho yake asubuhi chombo cha anga kiitwacho Challenger kilitakiwa kuruka. Utabiri ulionyesha baridi isiyozoeleka kwa Florida: takribani nyuzi 31 za Fahrenheit, yaani chini kidogo ya sifuri kwa kipimo chetu cha Selsiasi. Hofu ya wahandisi ilikuwa juu ya oringi. Ndiyo, oringi, kama zile anazokubadilishia fundi bomba au fundi pikipiki, ila hizi zilikuwa kubwa mno, za kuziba maungio ya zile roketi mbili za pembeni zinazokisukuma chombo wakati wa kupaa. Mpira ukipoa unakakamaa. Ukikakamaa hauwahi kujaza nafasi, na gesi ya moto inapata upenyo.

Je, walikuwa na data? Walikuwa nayo. Vyombo vya aina hiyo vilikuwa vimesharuka mara 24. Mara 1 roketi zilizama baharini zikapotea. Kwa hiyo zilibaki safari 23 ambazo roketi ziliokolewa, zikafunguliwa, oringi zikakaguliwa. Safari 7 zilikutwa na tatizo kwenye maungio hayo: oringi imeliwa na moto, au gesi imeipita. Safari 16 hazikuwa na tatizo lolote.

Sasa sikilizeni. Katika kujadili kama joto lina uhusiano na tatizo, kilichotazamwa ni zile safari zenye tatizo tu. Joto lake lilikuwa nyuzi 53, 57, 58, 63, 70, 70 na 75. Ukiziangalia hizo saba peke yake utasema mbona tatizo limetokea kwenye baridi na kwenye joto pia, uhusiano uko wapi? Baadaye tume iliyoundwa na Rais kuchunguza ajali, ile ya Rogers, ilichora safari zote 23 kwenye karatasi moja, na picha ikageuka kabisa. Safari zote 4 zilizoruka chini ya nyuzi 65 zilipata tatizo. Kati ya safari 19 zilizoruka juu ya nyuzi 65, zilizopata tatizo ni 3 tu.

Nisiwaonee wahandisi. Wao walikuwa upande sahihi: walishauri chombo kisiruke chini ya nyuzi 53, ambayo ndiyo baridi kali kuliko zote walizokuwa wamezipitia. Walichokosa ni namba ya kusimamia mbele ya wakubwa. Uongozi wa kampuni yao ukaugeuza ushauri, ruhusa ikatolewa, na tarehe 28 Januari, sekunde 73 baada ya kupaa, Challenger ikasambaratika angani. Watu 7 wakafa, akiwemo mwalimu wa shule, Christa McAuliffe.

Kwa nini zile safari 16 ziliachwa pembeni? Kwa sababu sifuri inaonekana kama haina habari. "Hakuna kilichotokea," basi hakuna cha kuchora. Kumbe ile sifuri ndiyo inayokuambia ni wapi mambo huwa salama. Na hapa ndipo zinapoingia modeli za mstari zilizopanuliwa, ambazo kwenye programu nyingi utaziona kwa herufi tatu: glm.

Tuanze na kile ambacho wengi mnakijua, regresheni ya kawaida, ile ya kupitisha mstari ulionyooka katikati ya nukta. Ipe data hii ya oringi: tatizo ni 1, hakuna tatizo ni 0, na joto liwe upande wa chini. Nimefanya hesabu hiyo. Mstari unaotoka ni 2.9048 ukitoa 0.0374 kwa kila nyuzi. Sasa muulize huo mstari: kwenye nyuzi 31, uwezekano wa tatizo ni kiasi gani? Unajibu takribani 1.75. Yaani katika safari 100, safari 175 zitapata tatizo! Muulize tena kwenye nyuzi 81: unajibu hasi 0.12. Uwezekano hasi, sijui unafananaje. Mstari haujakosea kujumlisha. Umepewa tu kazi isiyo yake, kwa sababu hakuna aliyeuambia kwamba jibu halitakiwi kutoka nje ya 0 na 1.

Kuna kasoro ya pili ambayo haionekani haraka. Regresheni ya kawaida inadhani kwamba mtawanyiko wa nukta kuuzunguka mstari ni uleule kila mahali. Lakini kitu cha ndiyo au hapana hakiko hivyo. Pale ambapo tatizo karibu halitokei kabisa, majibu yote ni sifuri, hakuna mtawanyiko wa maana. Pale ambapo ni nusu kwa nusu, mtawanyiko ni mkubwa kuliko kote. Kwa hiyo wastani na mtawanyiko vimefungwa pamoja, ukisogeza kimoja na cha pili kinasogea. Mkumbuke hilo, maana ndilo linalotenganisha data za aina hizi na data ya kengele.

Basi modeli iliyopanuliwa inafanyaje? Inakutaka useme mambo matatu. Kwanza, jibu lako ni la aina gani: ndiyo au hapana, hesabu ya matukio, fedha, au kipimo cha kawaida kama urefu. Pili, vigeu gani unadhani vinaliathiri, navyo vinajumlishwa kwa mstari kama kawaida: joto, umri, umbali, chochote. Tatu, na hapa ndipo penye ujanja wote, unataja kiungo, yaani njia ya kuunganisha ule mstari (ambao unaweza kwenda popote, juu hadi mawinguni na chini hadi kuzimu) na wastani wa jibu lako (ambao hauruhusiwi kwenda popote).

Kwa jibu la ndiyo au hapana, kiungo kinachotumika sana kinaitwa logiti. Kisikutishe. Chukua uwezekano wa jambo kutokea, ugawe kwa uwezekano wa kutotokea. Kama ni 0.8, basi 0.8 kwa 0.2 ni 4, yaani "nne kwa moja", kama wanavyosema watu wa kubashiri mpira. Hiyo tuiite nisba. Halafu chukua logi asilia ya hiyo nisba, basi, hiyo ndiyo logiti. Nusu kwa nusu inakuwa 0. Uwezekano mkubwa unakwenda chanya bila kikomo, mdogo unakwenda hasi bila kikomo. Sasa mstari unaweza kutembea unavyotaka, na ukirudi upande wa uwezekano huwezi kamwe kuvuka 1 wala kushuka chini ya 0. Ukichora utaona herufi S iliyolala.

Twende kwenye vitendo. Kompyuta ya kafe inatosha. Programu ninayopendekeza ni R, kwa sababu moja kubwa: ni bure. Ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, toleo lake la 1.0.0 likatoka mwaka 2000, na hadi leo inaendelea kutunzwa na watu wa kujitolea duniani kote. Unaweza kuiweka kwenye flashi ukatembea nayo, hata kama mwenye kafe hakuruhusu kuingiza programu kwenye mashine zake. Habari ya kununua SPSS ya wizi mtaani, iliyojaa virusi, tuachane nayo. Andika hivi:

joto <- c(53,57,58,63,66,67,67,67,68,69,70,70,70,70,72,73,75,75,76,76,78,79,81)
tatizo <- c(1,1,1,1,0,0,0,0,0,0,1,1,0,0,0,0,1,0,0,0,0,0,0)
modeli <- glm(tatizo ~ joto, binomial)
summary(modeli)

Hizo ndizo safari 23, nimezipanga kuanzia baridi hadi joto. Neno binomial ndilo linaloiambia R kwamba jibu ni la ndiyo au hapana, na kiungo cha logiti inakiweka yenyewe. Utapata namba mbili: 15.0429, na hasi 0.2322 kwa kila nyuzi ya joto.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokwama, kwa hiyo nikae kidogo. Hiyo hasi 0.2322 SIO badiliko la uwezekano. Ni badiliko la logiti. Ili uielewe, ipandishe kwenye e, andika exp(-0.2322), utapata takribani 0.79. Maana yake ni kwamba joto likipanda nyuzi 1, nisba ya tatizo inazidishwa kwa 0.79, yaani inapungua kwa asilimia 21 hivi. Likipanda nyuzi 10, nisba inabaki karibu sehemu ya kumi ya ilivyokuwa. Uwezekano wenyewe haupungui kwa hatua zilizo sawa: kutoka nyuzi 65 kwenda 70 unashuka kutoka 0.49 hadi 0.23, lakini kutoka 75 kwenda 80 unashuka kutoka 0.09 hadi 0.03 tu. Nyuzi ni tano zilezile, ila mteremko wa S haufanani kila mahali. Ukisoma tasnifu imeandikwa "umri ukiongezeka mwaka mmoja uwezekano unapungua kwa asilimia 21," jua mwandishi amechanganya nisba na uwezekano. Nimeshaona tasnifu za namna hiyo zimepita, zimesainiwa na msimamizi, mambo safi.

Sasa lile swali la usiku ule. Andika:

plogis(15.0429 - 0.2322*31)

Jibu: 0.9996. Kwa lugha nyingine, modeli inasema tatizo la oringi kwenye nyuzi 31 lilikuwa karibu hakika. Kwa data ambayo ilikuwepo mezani. Kwa hesabu ambayo kompyuta za mwaka ule zilikuwa zinaiweza.

Lakini tusishangilie bila kufikiri. Kwanza, "tatizo" hapa ni oringi kuliwa au kupitwa na gesi, sio chombo kulipuka. Safari 7 za nyuma zilipata tatizo na watu wakarudi nyumbani. Watakwimu Dalal, Fowlkes na Hoadley, walioifanya kazi hii kwa kina na kuichapisha mwaka 1989, walienda hatua ya mbele zaidi wakakadiria uwezekano wa maafa yenyewe: angalau asilimia 13 kwenye nyuzi 31, na kama wangesubiri hadi nyuzi 60, ungeshuka hadi asilimia 2 hivi. Pili, nyuzi 31 ziko 22 chini ya baridi kali kuliko zote kwenye data. Huko modeli inaota. Haijawahi kuona kitu huko, inanyoosha tu mstari wake gizani. Hiyo 0.9996 ina wigo mpana wa mashaka kuizunguka, na mtu mwaminifu anautaja. Ila hata ukiukata kwa kiasi gani, haufiki mahali pa kusema "hakuna uhusiano, tuendelee".

Kwenye yale maandishi ya summary utaona pia neno la deviansi mara mbili: 28.267 na 20.315. Ya kwanza ni ya modeli isiyojua joto, ya pili ni baada ya kulitia joto. Deviansi ni kipimo cha jinsi modeli ilivyo mbali na data, kwa hiyo ikishuka ni vizuri. Hapa imeshuka kwa karibu 8 kwa kuongeza kigeu 1. Kwa mpaka wa asilimia 5 uliozoeleka, kushuka kwa 3.84 kungetosha. Ndiyo mtihani wenyewe huo, hauna siri zaidi.

Tuhamie kwenye hesabu za matukio: wagonjwa wangapi, ajali ngapi, watoto wangapi. Mfano wa zamani na mtamu ni wa mateke ya farasi. Mwaka 1898 Ladislaus von Bortkiewicz alichapisha hesabu ya askari wa jeshi la Prussia waliouawa kwa kupigwa mateke na farasi. Ukichukua vikosi 10 kwa miaka 20 unapata rekodi 200. Katika 109 hakuna aliyekufa. Katika 65 alikufa mtu 1. Katika 22 walikufa 2, katika 3 walikufa 3, na katika 1 walikufa 4. Jumla ni vifo 122, wastani 0.61 kwa kikosi kwa mwaka.

Chora hiyo utafute kengele, hutaiona ng'o. Ni mlima ulioegemea ukuta wa sifuri upande wa kushoto na mkia mwembamba kulia. Lakini ukiiuliza fomula ya Poisson, kwa kujua wastani 0.61 tu, inakuambia utegemee rekodi 108.7 zenye sifuri, 66.3 zenye 1, na 20.2 zenye 2. Linganisha na 109, 65 na 22. Mimi kila nikiiona napata kizunguzungu kidogo. Na cheki kingine: varianzi, yaani kipimo cha mtawanyiko, nayo ni 0.61, sawa na wastani. Hiyo ndiyo alama ya Poisson: wastani na varianzi ni pacha.

Sasa rudini kwenye ule ushauri wa "geuza kwa logi". Logi ya sifuri haipo. Kwenye data ya farasi ungezitupa rekodi 109 kati ya 200, zaidi ya nusu! Wengine wanajua hilo, wanaongeza 1 kwa kila namba kwanza halafu ndio wanachukua logi. Kwa nini 1? Kwa nini isiwe 0.5? Hakuna anayejua, na majibu yanabadilika ukibadilisha. Modeli ya Poisson inatumia logi vilevile, ila inaiweka kwenye wastani, sio kwenye kila namba. Wastani wa 0.61 una logi yake bila shida, hata kama ndani yake kuna masifuri mia. Jaribu:

mateke <- rep(0:4, c(109,65,22,3,1))
glm(mateke ~ 1, poisson)

Itakupa hasi 0.4943. Ipandishe kwenye e, inarudi 0.61. Ukiongeza vigeu hapo, kila kimoja kinazidisha wastani badala ya kuujumlisha.

Jambo moja ambalo hesabu za matukio zinalidai na watu wanalisahau: je, kila mmoja alipewa nafasi sawa? Zahanati inayofunguliwa siku 6 kwa wiki itaandika wagonjwa wengi kuliko ya siku 3, hata kama ugonjwa ni uleule. Huo muda, au idadi ya watu, au urefu wa barabara, unaingizwa kwenye modeli kama logi yake ukiwa umefungiwa mteremko wa 1. R inaita offset. Usipoiweka unapima ukubwa wa zahanati, sio ugonjwa.

Na upacha wa wastani na varianzi, kwenye data za kweli za mtaani, huvunjika mara nyingi sana. Ziara za hospitali ni mfano: watu wengi hawaendi kabisa, wachache wenye maradhi ya kudumu wanakwenda kila wiki, na varianzi inakuwa mara kadhaa ya wastani. Ukitumia Poisson kibichi hapo, namba zako za katikati zinaweza kuwa sawa lakini mashaka yatatangazwa madogo kuliko ukweli, na kila kitu kitaonekana "kina uhusiano". Gawanya deviansi iliyobaki kwa digrii za uhuru zilizoandikwa kando yake. Kama wastani wako sio mdogo sana na jibu liko mbali juu ya 1, hamia quasipoisson (badilisha neno tu kwenye amri ileile), au modeli ya binomia hasi. Ya fedha na gharama, ambazo hazishuki chini ya sifuri na zina mkia mrefu, kuna Gamma. Sitaikalia leo, ni amri ileile kwa neno lingine.

Hiyo "amri ileile" ndiyo zawadi ya watu wawili, John Nelder na Robert Wedderburn. Kabla yao vipande vyote vilikuwepo lakini kila kimoja na ukoo wake. Mwaka 1934 Chester Bliss alikuwa ameshaleta probiti, kiungo kingine cha ndiyo au hapana, kwa ajili ya kupima dozi za sumu kwa wadudu, na njia hiyo bado inatumika kupima viuatilifu vya mbu hadi leo. Poisson ilikuwa na watu wake, logiti na watu wake. Mwaka 1972 Nelder na Wedderburn, wakiwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, walionyesha kwamba zote ni ndugu, na kwamba njia moja ya kukokotoa inazimaliza zote: pitisha mstari, angalia mtawanyiko, zipe nukta uzito mpya, pitisha tena, hadi namba zitulie. Wedderburn alifariki mwaka 1975 akiwa na miaka 28 tu, kutokana na mwili wake kukataa sumu ya mdudu aliyemuuma. Kazi yake ya mwaka 1974 ndiyo mzizi wa ile quasipoisson niliyoitaja hapo juu.

Niseme kitu kuhusu hiyo kengele yenyewe, maana uzushi ni mwingi. Hata kwenye regresheni ya kawaida, hakuna sharti kwamba data yako yote ichorwe na kutoa kengele. Kinachotakiwa kufanana na kengele ni mabaki, yaani umbali wa kila nukta kutoka kwenye mstari. Pima urefu wa watoto wa darasa la kwanza na wa kidato cha sita pamoja, utapata nundu mbili kama ngamia, na bado ukiweka umri kwenye modeli mabaki yanaweza kuwa safi. Kwa hiyo kabla hujaikimbia regresheni ya kawaida, angalia mabaki kwanza. Na kabla hujang'ang'ania, jiulize jibu lako ni kitu gani. Kama ni ndiyo au hapana, au hesabu ndogondogo zenye masifuri, huna haja hata ya kuchora. Aina ya jibu imeshakuamulia.

Wenye madodoso yenye "nakubali sana, nakubali, sijui, sikubali", ninyi mko jirani. Hayo ni majibu yenye mpangilio, yana modeli yake ya logiti yenye ngazi. Kuyapa 1 hadi 5 na kutafuta wastani ni mazoea tu.

Mtego wa mwisho ni wa ukubwa wa sampuli. Kwenye data ya ndiyo au hapana usihesabu madodoso, hesabu lile jibu lililo adimu. Challenger ilikuwa na safari 23 lakini matatizo 7, na mimi nisingethubutu kuweka vigeu vitatu hapo. Ukiwa na watu 400 ambao 12 tu wamejibu ndiyo, una data ya watu 12, sio 400. Na kama kundi zima, mfano wanawake wote, wamejibu ndiyo bila hata mmoja kukataa, R itakutolea namba kubwa za ajabu zenye mashaka makubwa kuliko zenyewe. Usiziripoti. Kuna marekebisho ya David Firth ya mwaka 1993 kwa hali hiyo hiyo, na R ina kifurushi chake kinachoitwa logistf.

Haya yote yanadhani kila rekodi inajitegemea. Kama wanafunzi wako wanatoka shule zilezile tano, au umempima mgonjwa mmoja mara sita, hawajitegemei, na glm ya kawaida itakudanganya kwa upole. Hapo zinahitajika modeli mchanganyiko, na hizo nitaziandikia siku yake. Kwa sasa fungueni R, nakilini ile mistari minne ya oringi, halafu futeni safari zote 16 zenye sifuri muone modeli inasema nini juu ya joto. Mkipata ujumbe msiouelewa, bandikeni hapo chini kwenye maoni, na muweke maneno yote ya kompyuta kama yalivyo, msinifupishie.